Mpaka wa Mpunga Mwekundu

Ninayo barua moja ya serikali. Nimeiweka ndani ya kasha, chini ya nguo zangu za Idi, imefungwa kwa kipande cha bafta. Ni barua ya kuniambia kwamba nimekosa. Watu wakisikia habari yake hudhani ninatania, kwa sababu wenzangu huhifadhi vyeti vya sifa, si vya makosa. Basi nimeona niandike ilivyokuwa, ili nikishakufa wasije wakaitupa wakidhani ni karatasi ya kufungia bizari.

Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, na katika ujana wangu nilikuwa mkulima wa mpunga, kama alivyokuwa mama yangu. Mashamba ya mpunga hayakuwa mjini. Yalikuwa kwenye bonde la Ruvu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kwa mtu asiyesimama kusalimiana na kila anayemkuta njiani. Kwetu haiwezekani kutosimama, kwa hiyo tulikuwa tukifika alasiri. Msimu wa kilimo tulihamia huko kabisa, tukakaa kwenye vibanda vya makuti mpaka mavuno. Bonde lilikuwa la wanawake. Wanaume walikuwa na minazi yao na bahari yao, na bondeni walikuja wakati chakula kimeiva.

Bonde lile halikuwa na uzio wala vigingi wala mawe ya mpaka. Mvua kubwa zikinyesha mto ulipita juu ya mashamba, na kigingi ulichokichimbia kwako ungekisikia kimeonekana kwa mtu mwingine, naye anakitumia kuanikia nguo. Mpaka wetu ulikuwa mpunga wenyewe. Kila mwanamke alikuwa na mbegu yake, aliyoachiwa na mama yake au aliyokuja nayo alipoolewa. Katikati ya shamba ungepanda utakacho, lakini pembeni ulipanda mstari wa mbegu yako, ambayo jirani hana. Masuke yakitoka ungeona bonde zima limegawanyika: huku mstari wa maganda meusi, kule wa manjano, kule wa masuke mafupi yaliyosimama wima kama watoto wa chuoni. Hakuna aliyeuliza shamba la fulani linaishia wapi. Mtu aliangalia tu.

Mbegu ya mama yangu ilikuwa nyekundu. Suke lake lilikuwa na ndevu ndefu nyekundu, na hata ukilitwanga, punje ilibaki na wekundu wake. Mama aliitoa kwao, upande wa Lugoba, alipokuja kuolewa pwani, ameifunga kwenye pindo la kanga. Haukuwa mpunga wa kuzaa sana, ila ulinukia. Ukiupika kwa tui, jirani wa nyumba ya tatu alikumbuka kwamba ana jambo la kuja kukuuliza.

Mama alifariki, na mwaka uliofuata mume wangu akaniacha, akahamia Mbegani na mke mpya. Hilo sijamsamehe mpaka leo, na simsamehe hapa pia. Mimi nikabaki na shamba la mama. Tatizo lilikuwa jirani. Shamba lililopakana na langu lilikuwa la dada wa mume wangu. Nitamwita wifi mpaka mwisho wa habari hii, kwa sababu talaka ilivunja ndoa tu, mazoea haikuyavunja. Wifi alikuwa mwanamke wa sauti laini. Sijapata kumsikia akigomba. Alikuwa anaweza kukunyang'anya kitu huku anakuuliza hali ya watoto.

Sikuwa nimetoka eda alipoanza kusema, kwa sauti ile ile, kwamba shamba lile lilifyekwa na kaka yake, na kwa kuwa kaka yake ameondoka, basi lirudi kwa watu wake. Kaka yake hakuwahi kufyeka kitu bondeni zaidi ya sahani ya wali. Nilikwenda kwa jumbe. Jumbe akasubiri masuke yatoke, akaja bondeni, akasimama mpakani, akauliza, "Huu mpunga mwekundu wa nani?" Wanawake wote wakasema, "Wa marehemu." Jumbe akasema, "Basi shamba ni la binti wa marehemu," akaenda zake. Hakuna kilichoandikwa. Baada ya miaka michache jumbe yule naye akafa, akawekwa mwingine ambaye hakuwa na kumbukumbu ya jambo lolote. Nikabaki na shahidi mmoja tu, mstari wa mpunga, na shahidi wa namna hiyo inabidi umpande upya kila mwaka.

Hali ilikuwa hivyo ulipokuja ubia.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita vya pili. Tuliitwa mkutanoni kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, ambaye babu yake ndiye aliyekuja Bagamoyo, yeye mwenyewe akiwa mzaliwa wa pale pale kama sisi. Mbele yetu alisimama Bwana Shamba, Mzungu mrefu mwenye masikio yaliyoungua jua. Kiswahili chake alikisoma kitabuni na kilikuwa safi kuliko chetu. Pembeni yake alikaa karani, kijana wa kutoka mjini, na kalamu mbili mfukoni.

Bwana Shamba alieleza kwamba kutakuwa na ubia wa watu watatu. Serikali italeta trekta, mbegu na maarifa. Mfanyabiashara ataleta mashine ya kukoboa, ataijenga ukingoni mwa bonde, na atanunua mpunga wote aupeleke Dar es Salaam. "Nanyi," akasema, akatutazama kwa upole, "mtaleta bonde."

Tulitazamana. Bonde tulikuwa nalo tangu zamani, kwa hiyo tukaona mchango wetu ndio mwepesi kuliko yote.

Sharti lilikuwa moja. Mbegu itakuwa ya namna moja tu, nyeupe, ndefu, ya serikali, kwa sababu mashine haipendi mchanganyiko. Mwanamke mmoja mtu mzima aliyekaa mbele akauliza, "Bwana, huo mpunga unanukia?"

Bwana Shamba akajibu, "Unazaa mara mbili ya wenu."

"Nimesikia, Bwana. Nimeuliza kama unanukia."

Bwana Shamba akamgeukia karani. Karani akatazama kalamu zake. Mwenye mashine akajikohoza. Yeye swali alilielewa vizuri, kwa kuwa mkewe alikuwa akinunua mpunga mwekundu kwa mama yangu kila walipotarajia wageni, na baada ya mama akanunua kwangu. Siku ile alisimama akausifu mpunga mweupe kwa maneno mengi, na muda wote huo hakutazama upande niliokaa.

Tulikubali. Watu wa siku hizi huniuliza kwa nini tulikubali, kana kwamba tulidanganywa. Hatukudanganywa. Tuliitaka mashine. Mtu ambaye hajatwanga mpunga kila siku tangu akiwa na miaka saba hawezi kuelewa jinsi mwanamke anavyoweza kuitamani mashine. Mimi niliitamani kuliko nilivyowahi kumtamani mume wangu, na mashine angalau ilikuwa na kazi. Tukapanga mstari, tukatia dole gumba kwenye wino, tukatia kwenye karatasi, tukafuta vidole kwenye kanga za kazini.

Trekta ilitoka Dar es Salaam ikakwama Mapinga, kwenye matope, siku nne. Ilipofika ililima bonde kwa asubuhi moja zaidi ya tulivyolima kwa mwezi, nami nilisimama nikaangalia nikafurahi, sitaficha. Siku ya pili ikazama mpaka magurudumu hayaonekani. Tulikata kamba za porini na matawi, tukavuta, wanawake wazima, huku dereva amekaa juu anatuelekeza. Trekta ililetwa itusaidie, na kwa siku tatu sisi ndio tulioisaidia. Bwana Shamba alisema huo ndio ubia wenyewe.

Furaha yangu iliisha walipokuja kugawa. Trekta ilikuwa imefuta vijaruba na vijia vyote, bonde limekuwa uwanja mmoja. Karani alipita na kamba yake, akampimia kila mtu sehemu, "Wewe hapa mpaka pale, wewe pale mpaka kule," akasonga mbele bila kuacha alama. Nikamwambia, "Mwanangu, umenipunguza. Mpaka wangu unapita kule."

"Mama, mwaka huu mpunga ni mmoja," akasema. "Mpaka hauna kazi tena. Utavuna ulipopanda."

"Kweli kabisa, mwanangu," akasema wifi nyuma yangu, kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. "Mipaka ndiyo inayotugombanisha."

Nilielewa pale pale kwamba mwaka mmoja tu bila ule mstari mwekundu, na wa pili, na wa tatu watu watakuwa wanasema, "Lakini hapa si ndipo wifi yako anapolima siku zote?" Sikuwa na kitu kingine cha mama. Nyumba aliyofia ilikuwa ya kupanga, bangili zilikwisha kwenye ugonjwa wake. Nilikuwa na shamba tu, na shamba lenyewe lilikuwa linasimama juu ya mbegu zinazoweza kuingia kwenye kibaba.

Siku ya kupanda Bwana Shamba alisimamia mwenyewe. Tulipanda kwa kufuata kamba, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya, na yeye alipita nyuma yetu akinyoosha mistari kwa mguu. Adhuhuri alikwenda na karani kula kwa mwenye mashine. Nikafungua pindo la kanga yangu, nikaenda ulipokuwa mpaka. Ardhini hapakuwa na kitu cha kuonyesha, lakini mimi sikuhitaji. Unaanzia kwenye mdomo wa mfereji wa zamani, unaulenga mkwaju ulioko ng'ambo, unakwenda moja kwa moja. Mama alinifundisha kulenga ule mkwaju kabla hajanifundisha kupika. Nikapanda mstari mmoja wa nyekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Nilipoinua kichwa niliwaona wenzangu nao wameinama, kila mmoja pembeni kwake, kila mmoja pindo la kanga mkononi. Bwana Shamba aliporudi alitukuta tumekaa, tunazungumzia mvua. Mtu pekee ambaye hakuinama alikuwa wifi. Yeye alikuwa ameketi juu ya dungu lake, kile kichanja tunachokaa kufukuzia ndege, ananitazama huku anatafuna muwa.

Mpunga ukaota, ukakua, wote kijani, na Bwana Shamba alikuwa na furaha ya kweli. Alileta wageni kutoka Dar es Salaam waje wauone. Halafu masuke yakatoka. Asubuhi moja alipanda juu ya trekta atazame bonde lake, akaona mistari: mweusi, wa manjano, mwekundu, imelikata bonde vipande vipande vile vile lilivyokuwa kabla hajaja. Kisha akashuka, akasema mpunga umepatwa na ugonjwa.

Aliitwa mtaalamu wa magonjwa ya mimea, mzee wa Kizungu aliyetembea na kioo cha kukuzia. Alipiga magoti, akachunguza masuke, akanusa majani, akachukua mengine akatia kwenye bahasha. Sisi tulikuwa dunguni tunaamia ndege, tunamwangalia. Mwisho akasimama, akafuata mstari wangu kwa macho toka mferejini mpaka kwenye mkwaju, akamwambia Bwana Shamba maneno ambayo karani alikuja kutueleza baadaye. Alimwambia kwamba katika kazi yake yote hajaona ugonjwa unaojua kwenda sawa namna ile.

Hata hivyo mpunga ulikuwa umeshaota, hakuna la kufanya. Tukavuna. Mimi niliukata mstari wangu mwenyewe, suke moja moja kwa kisu, nikauweka kibandani mbali na mpunga wa ubia. Nilikuwa mwangalifu, na ninataka hilo lijulikane. Mashine ikaanza kunguruma. Niliusikia mngurumo ule nikakaa chini, nikaitazama mikono yangu imelala mapajani saa ya kutwanga, nikalia kidogo. Hata leo sioni haya kusema hivyo.

Mchele wa kwanza ulipelekwa Dar es Salaam na ukarudishwa. Ulikuwa na punje nyekundu. Mbegu za wenzangu zilikuwa za maganda ya rangi tu, ndani ni nyeupe kama ya serikali, mashine ilizipitisha hazikuonekana. Nyekundu ilionekana. Wanunuzi walisema wao waliahidiwa mchele mweupe, na huu una madoa kama sahani iliyonyewa na nzi.

Baraza likaitwa kwenye ghala lile lile. Safari hii Bwana Shamba hakuwa mpole. Alisema ubia ni kuaminiana, na kwamba aliyevunja sharti atatolewa. Hatapata trekta, hatapata mbegu, na mashine haitapokea mpunga wake. Akauliza, "Nani alipanda mpunga mwekundu?"

Kila mtu pale ndani alijua. Walitazama sakafu, wakatazama dari, mmoja akaanza kumnyonyesha mtoto aliyekuwa amelala. Niliiwaza mashine.

Wifi akainuka. Akajifunika kanga vizuri, akasema kwa ile sauti yake, "Bwana, ule mpunga haukupandwa na mtu. Mimi mstari ule ninaujua, uko kwenye shamba langu, ninauona miaka yote. Unajiotea wenyewe tu. Ni masalia."

Ghala zima likapumua. Wanawake waliitikia, "Kweli, ni masalia, unajiotea." Walifurahi kwa ajili yangu, masikini. Waliona wifi amenisitiri. Bwana Shamba naye alionekana kupata nafuu, kwa sababu masalia hayana mtu wa kuadhibiwa. Karani akachovya kalamu aandike kwamba umejiotea.

Mimi nilimtazama wifi, naye akanitazama kwa huruma, na nikaona mlango ukifungwa polepole. Mpunga unaojiotea si mpaka wa mtu. Angeandika karani neno lile, basi mama yangu hakuwahi kupanda kitu bondeni, na mimi nilikuwa ninalima kwenye shamba la wifi kwa hisani yake. Ningebaki na mashine, na siku moja ningebaki na mashine bila mpunga wa kutia ndani yake. Nilisimama.

"Haukujiotea," nikasema. "Nimeupanda mimi."

Karani akasimamisha kalamu. Mwanamke mmoja nyuma akanivuta kanga nikae, nikaivuta kanga yangu.

"Nimeupanda kwa mkono wangu, Bwana, wewe ulipokwenda kula. Na mwaka jana niliupanda, na mwaka juzi. Kabla yangu alipanda mama yangu. Ndio mpaka wa shamba letu."

Bwana Shamba akauliza kwa nini sikutii sharti. Nikamwambia sharti nililisikia, ila shamba bila mpaka ni la mwenye sauti laini. Hakunielewa. Walionielewa walikohoa.

Hapo ndipo mwenye mashine aliposema, naye hakusema kwa kunitetea. Alikuwa amekasirika, mchele wake umerudishwa. "Karani, andika vizuri," akasema. "Andika huo mstari unaanzia wapi unaishia wapi, upande huu shamba la nani, upande ule la nani. Mwakani sitaki suke moja la pale liingie kwenye mashine yangu."

Karani akaniuliza, nami nikamwambia: kutoka mdomo wa mfereji wa zamani, moja kwa moja mpaka kwenye mkwaju. Upande wa mto shamba langu. Upande wa barabara shamba la wifi. Karani akamgeukia wifi, "Mama, ndivyo?" Wifi alikuwa ameshasema mbele ya watu wote kwamba anaujua mstari ule miaka yote na kwamba unapita kwake. Akikana kwamba ni mpaka, mpunga uliokatazwa ungekuwa umeota katikati ya shamba lake mwenyewe, na mashine ingefungwa kwake. Akasema, "Ndivyo." Lilikuwa neno fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia.

"Na mbegu ya nani?" akauliza karani.

"Ya mama yangu."

"Jina lake?"

Nikalitaja. Akauliza jina la baba yake, nikalitaja. Akayaandika yote mawili, akayapigia mstari.

Barua ilikuja baada ya wiki kadhaa. Mimi nilisoma chuoni, herufi za Kiarabu nilizijua, lakini barua ilikuwa kwa herufi za Kizungu, nikaipeleka kwa mwalimu wa shule ya serikali. Alinisomea kama anayesoma habari ya msiba. Ilisema kwamba mimi, binti wa fulani, nimepatikana na kosa la kupanda mbegu isiyoruhusiwa, mbegu ya marehemu mama yangu, binti wa fulani, kwenye mpaka wa shamba lake ambalo sasa ni langu, mpaka huo ukianzia kwenye mdomo wa mfereji na kuishia kwenye mkwaju, ukitenganisha shamba hilo na la wifi yangu. Nimetolewa kwenye ubia kwa misimu miwili. Mbegu yote nyekundu iletwe iharibiwe. Chini palikuwa na sahihi ya Bwana Shamba na muhuri wa serikali, mkubwa kama kisahani.

"Pole sana, dada," akasema mwalimu.

Nikamwomba anisomee tena pale penye mfereji. Akanisomea kwa huruma. Nikamwomba mara ya tatu.

Mbegu niliipeleka kwa mwenye mashine, kikapu kizima, kama nilivyoamriwa. Akaipokea ili iharibiwe. Iliharibiwa nyumbani kwake, kwa tui la nazi, wageni wao walipotoka Unguja. Mkewe mwenyewe aliniambia, akasema nisiwe na wasiwasi, haikubaki hata punje. Alidhani ananiliwaza. Nilirudi nyumbani nikalia kuliko nilivyolia siku ya talaka. Shamba nilikuwa nalo, lakini ile harufu ya chakula cha mama ilikuwa imeisha duniani, na niliyeipeleka ikaliwe nilikuwa mimi, kikapu kichwani.

Nikarudi kwenye kinu. Msimu wa pili wa ubia trekta ilivunjika kitu fulani ambacho ilibidi kiagizwe Ulaya. Bwana Shamba akahamishwa, na aliyekuja badala yake alipenda pamba. Mwenye mashine akaing'oa mashine, akairudisha mjini karibu na duka lake. Adhabu yangu ilipokwisha nilikuwa huru kurudi kwenye ubia, ila ubia ndio haukuwapo. Barua ya kuniarifu hilo haikuja.

Miaka ikapita kidogo, yakaja mafuriko makubwa. Ruvu ilikaa juu ya bonde kwa wiki nyingi, na maji yalipoondoka yaliacha tope moja laini kutoka ukingo hadi ukingo. Wenzangu wengi mbegu zao zilikuwa zimechanganyika tangu siku za ubia, mistari haikuwa safi tena, na ugomvi uliozuka bondeni mwaka ule sitausimulia. Asubuhi moja nilikuwa napepeta, nikasikia hodi. Alikuwa wifi.

Tulisalimiana sana. Aliniuliza hali ya watoto, nami kwa mazoea nikatazama kama kuna kitu changu mkononi mwake. Safari hii kilikuwapo kweli. Alikuwa ameshika kifurushi cha kanga.

"Wifi, jirani yangu wa upande wa pili ananiingilia," akasema. "Anasema shamba langu halikuwahi kufika mferejini. Nimesikia jina langu liko kwenye barua yako."

"Liko."

"Naomba unisaidie ile barua nikaionyeshe kwa jumbe."

Akakaa juu ya kinu changu, mtu mzima mwenzangu, akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na mpunga wenye ndevu nyekundu, kama kibaba na nusu.

"Mwaka ule wa ubia niliukata mstari wako," akasema. "Si wote. Upande wangu tu, mkono ulipofika. Masuke mengine yaliingia kwenye magunia yangu. Yale yaliyokwenda mashineni yalitoka kwangu." Sauti yake haikuwa laini kabisa. "Mengine nikayaficha, nimekuwa nikiyapanda nyuma ya nyumba. Ulikuwa mpunga mtamu, wifi. Mama yako hakuwahi kunipa mbegu."

"Hakuwahi kumpa mtu."

"Najua. Nilimwomba mara mbili."

Nilikuwa na haki ya kumfukuza, na nilikuwa na mchi mkononi. Badala yake nilisogeza pua kwenye kile kifurushi. Nilimkasirikia, na nilikuwa nimefurahi, na sikujua nianze na lipi. Nikamwambia asubiri, nikaingia ndani kuchukua barua.

Tulikwenda kwa jumbe pamoja, tukatoka naye mpaka bondeni. Karani wa jumbe akaisoma barua kwa sauti akiwa amesimama kwenye mdomo wa mfereji, tope likimfika magotini, kosa langu lote tangu mwanzo hadi muhuri. Jirani wa wifi akasikiliza, akaondoka. Kisha mimi na wifi tukaulenga mkwaju tukapanda ule mstari, yeye upande wake na mimi upande wangu, na tulipofika mwisho ulikuwa umenyooka.

Wifi sasa ni marehemu. Mbegu iko kwa binti zangu na binti zake. Ukubwani mwangu nilijifunza herufi za Kizungu, na watu walidhani ninataka kusoma magazeti. Nilitaka kuisoma barua mwenyewe. Mama yangu hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa, na kaburi lake halina jiwe. Nimetafuta. Jina lake limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye mstari wa nne wa barua ile, na nilipoweza kulisoma mara ya kwanza bila kusaidiwa niliweka kidole juu yake, nikalisoma kwa sauti, pale lilipokaa kati ya neno kosa na neno mpaka.